Rosalie Gicanda: Malkia wa mwisho wa Rwanda aliyechagua kubaki Butare

Wakazi wa Huye, mji wa kusini mwa Rwanda ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa jina la Butare, wanaihesabu tarehe 20 Aprili miongoni mwa siku nzito katika historia yao. Siku hiyo, mwaka 1994, wanajeshi waliingia katika nyumba moja ya katikati ya mji, wakawachukua watu waliokuwamo na kwenda kuwapiga risasi. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa miaka 66, asiye na mtoto, aliyekuwa akimuuguza mama yake mzazi. Jina lake ni Rosalie Gicanda, mke wa Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa na malkia wa mwisho wa Rwanda.

Gicanda hakuwa na cheo chochote serikalini, hakuongoza chama, hakuwa na walinzi. Ufalme ulikuwa umefutwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kifo chake. Hata hivyo watu wa Butare walimheshimu kama mama wa mji, na heshima hiyo haikuwa ya kabila moja wala ya dini moja. Ndiyo maana habari za kifo chake zilipoenea, kila mtu mjini alielewa kwamba hakuna tena atakayesalimika.

Kwa wasikilizaji wa Burundi, maisha ya mama huyu yanagusa pia historia ya hapa nyumbani, kwa kuwa pigo lake kubwa la kwanza lilimfikia likitokea Bujumbura.

Binti aliyeolewa katika kasri la Nyanza

Rosalie Gicanda alizaliwa mwaka 1928. Wakati huo Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya utawala mmoja wa Wabelgiji, zikiitwa Ruanda-Urundi, na makao makuu ya utawala huo yalikuwa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Wafalme waliachwa kwenye viti vyao, lakini mamlaka yao yalikuwa chini ya uangalizi wa wakoloni. Burundi ilikuwa na Mwami Mwambutsa wa Nne, na Rwanda ilikuwa na Mwami Yuhi wa Tano Musinga.

Musinga hakuelewana na Wabelgiji, na alikataa kubatizwa. Mwezi Novemba mwaka 1931 walimvua ufalme na kumhamishia Kamembe, karibu na Ziwa Kivu, kisha wakampeleka Moba katika Kongo, ambako alifariki mwaka 1944. Mahali pake waliwekwa mwanawe Rudahigwa, kijana wa miaka 20, na mama yake Kankazi. Kwa desturi ya Rwanda, mfalme hakutawala peke yake. Mama yake, aliyeitwa umugabekazi, alitawazwa pamoja naye na kuwa na sauti kubwa katika mambo ya nchi. Mke wa mfalme, umwamikazi, hakuwa na uwezo huo. Heshima yake ilitegemea sana kuzaa, na hasa kuzaa mtoto wa kiume.

Mke wa kwanza wa Rudahigwa aliitwa Nyiramakomali. Hawakujaliwa mtoto, na ndoa yao ikavunjika. Mwezi Januari mwaka 1942 mfalme alimwoa Gicanda, ambaye wakati huo alikuwa binti wa miaka kama 14. Aliingia katika kasri la Nyanza, mji mkuu wa kifalme, akakuta mila za kale za Rwanda zikikaa pamoja na mambo mapya yaliyoletwa na wageni. Kulikuwa na walinzi wa siri za ufalme walioitwa abiru, kulikuwa na ng'ombe wa kifalme wenye pembe ndefu waitwao inyambo, na papo hapo kulikuwa na nyumba ya matofali, magari, makarani na mapadri.

Mwezi Oktoba mwaka 1943 Rudahigwa alibatizwa pamoja na mama yake. Miaka mitatu baadaye aliiweka nchi yake yote chini ya Kristo Mfalme. Ubatizo huo ulikuwa na uzito wa pekee kwa maisha ya Gicanda. Miaka ilipita na hapakupatikana mtoto. Baba yake Rudahigwa alikuwa na wake wengi, kama ilivyokuwa ada ya wafalme wa kale, na mfalme asiye na mrithi angetarajiwa kuongeza mke au kumrudisha kwao yule asiyezaa. Kwa mfalme aliyekuwa Mkatoliki njia hizo mbili zilikuwa zimefungwa. Rudahigwa na Gicanda waliishi pamoja miaka 17, mpaka kifo kilipowatenganisha.

Ni rahisi kuona ugumu wa nafasi yake. Katika jamii yoyote ya maziwa makuu, mwanamke asiyejaliwa mtoto husemwa. Mwanamke huyo anapokuwa mke wa mfalme, wanaomsema ni nchi nzima, kwa maana kukosekana kwa mrithi lilikuwa jambo la taifa. Gicanda aliyavumilia hayo akiwa kijana mno. Upole na ukimya ambao watu wa Butare walikuja kumsifia baadaye ni tabia aliyoanza kujifunza huko Nyanza.

Mfalme aliyekwenda Usumbura

Miaka ya 1950 ilikuwa miaka ya mabadiliko makubwa. Mwaka 1954 Rudahigwa alifuta ubuhake, ule mfumo wa zamani ambao mtu alimtumikia tajiri mwenye ng'ombe ili apate ulinzi na haki ya kufuga. Mwaka 1957 wasomi wa Kihutu walitoa tamko lao kuhusu hali ya watu wao na kudai haki sawa. Mfalme alikuwa akidai uhuru kutoka kwa Wabelgiji, na uhusiano wake nao ulikuwa umeharibika. Nyanza, kwenye kilima cha Rwesero, jumba jipya la kifalme lilikuwa likijengwa ili yeye na mke wake wahamie humo.

Hawakupata kuhamia. Mwezi Julai mwaka 1959 Rudahigwa alisafiri kwenda Usumbura. Tarehe 25 alimwona daktari mjini humo, akachomwa sindano, na muda mfupi baadaye akafariki ghafla. Alikuwa na umri wa miaka 48. Wakuu wa utawala walieleza kwamba chanzo ni damu kuvuja katika ubongo. Mwili haukufanyiwa uchunguzi, na Wanyarwanda wengi waliamini kwamba mfalme wao ameuawa. Mabishano juu ya kifo hicho hayajaisha mpaka leo.

Gicanda akawa mjane akiwa na umri wa miaka ipatayo 31.

Mazishi yalifanyika tarehe 28 Julai kwenye kilima cha Mwima, Nyanza. Umati mkubwa ulikuwepo, pamoja na gavana wa Ruanda-Urundi, Jean-Paul Harroy. Kabla mwili haujafukiwa, sauti zilipazwa kudai kwamba mfalme hawezi kuzikwa bila mrithi wake kutajwa. Kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto, abiru walimtangaza ndugu yake wa baba mmoja, Jean-Baptiste Ndahindurwa, kijana wa miaka 23, aliyepewa jina la Kigeli wa Tano. Wabelgiji hawakuwa wametarajia hatua hiyo, lakini mbele ya umati ule hawakuwa na la kufanya ila kuikubali.

Pale kaburini, mjane alimzika mumewe na papo hapo akaona kiti cha kifalme kikipita kwa mtu mwingine. Kuanzia saa ile hakuwa mke wa mfalme wala mama wa mfalme. Mila haikuwa imemtengea nafasi nyingine.

Wengine walivuka mipaka, yeye alibaki

Miezi mitatu baadaye, mwanzoni mwa Novemba mwaka 1959, ghasia zililipuka. Nyumba za Watutsi zilichomwa moto katika sehemu nyingi za nchi, watu waliuawa, na maelfu kwa maelfu walikimbilia Burundi, Uganda, Tanganyika na Kongo. Mwaka 1960 Kigeli wa Tano alitoka nchini kwenda Kongo kukutana na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, na Wabelgiji wakamzuia kurudi. Tarehe 28 Januari mwaka 1961 jamhuri ilitangazwa mjini Gitarama, na kura ya maoni ya mwezi Septemba mwaka huohuo ikaufuta ufalme. Tarehe 1 Julai mwaka 1962 Rwanda na Burundi zilipata uhuru siku moja, lakini kwa njia mbili tofauti. Burundi iliingia katika uhuru ikiwa bado na mwami wake, na ufalme ukadumu mpaka mwezi Novemba mwaka 1966. Rwanda iliingia katika uhuru ikiwa jamhuri, chini ya Rais Grégoire Kayibanda.

Kwa mtu kama Gicanda, njia iliyokuwa wazi ilikuwa ya uhamishoni. Jamaa wengi wa ukoo wa kifalme waliifuata. Kigeli wa Tano alizunguka nchi kadhaa za Afrika Mashariki, kisha akaishi Marekani mpaka kifo chake mwaka 2016. Gicanda hakuondoka. Alibaki katika nchi ambayo utawala mpya ulijengwa juu ya kuukana ufalme, na ambamo neno mfalme lilitajwa kwa shutuma.

Kubaki huko kulikuwa na hatari ya kweli. Mwezi Desemba mwaka 1963 wapiganaji wakimbizi walioitwa Inyenzi waliingia Rwanda wakitokea Burundi, kupitia Bugesera, wakakaribia Kigali kabla ya kurudishwa nyuma. Kilichofuata ni mauaji ya kulipiza kisasi dhidi ya Watutsi waliobaki nchini, hasa katika eneo la Gikongoro, jirani kabisa na Nyanza na Butare. Wanasiasa wa Kitutsi waliokuwa wamebaki walikamatwa na kuuawa. Kila shambulio la wakimbizi liliwafanya ndugu zao wa ndani kuwa mateka.

Malkia wa zamani aliondolewa katika kasri la Nyanza, akahamia Butare, umbali wa kilomita kama 40 kuelekea kusini. Huko ndiko alikoishi mpaka mwisho wa maisha yake.

Nyumba ya katikati ya mji

Butare haikuwa mji mkubwa. Wabelgiji waliuita Astrida, kwa jina la malkia wao Astrid, na baada ya uhuru ukapewa jina la Butare. Una barabara kuu moja yenye maduka pande mbili, kanisa kuu la matofali mekundu, shule iliyoanzishwa mwaka 1929 ambako walisoma watoto wa machifu wa Rwanda na Burundi, na mwaka 1963 kilianzishwa humo Chuo Kikuu cha Taifa. Mto Akanyaru, unaotenganisha Rwanda na Burundi, hauko mbali. Ni mji wa walimu, wanafunzi, mapadri, wauguzi na wafanyabiashara wadogo, mahali ambapo watu hujuana kwa majina na kwa kazi zao.

Butare ilikuwa na sifa nyingine. Katika eneo hilo Watutsi walikuwa wengi kuliko katika sehemu nyingine nyingi za Rwanda, na watu wa makabila mawili walikuwa wamechanganyika kwa ndoa, kwa ujirani na kwa kazi. Wengi waliamini kwamba chuki ya kisiasa haiwezi kuota mizizi hapo kama ilivyoota kwingine.

Katika mji huo Gicanda aliishi maisha ya kawaida. Hakuolewa tena. Nyumbani kwake alikaa na mama yake mzazi, ambaye kwa miaka ya mwisho hakuweza tena kutoka kitandani, pamoja na wanawake na wasichana waliomsaidia na kumpa uandamani. Alikuwa Mkatoliki mshika dini. Alijitenga na siasa kwa makusudi, maana alijua kwamba neno lake moja lingeweza kugeuzwa kuwa shtaka dhidi yake na dhidi ya wengine.

Nyumba yake ilijulikana kwa ukarimu. Katika mila ya Rwanda, kama ilivyo katika mila ya Burundi, maziwa si chakula tu. Ni salamu, ni baraka, ni alama ya amani kati ya anayetoa na anayepokea. Mgeni anayepewa maziwa amepokewa kwa heshima. Aliyekuwa malkia alishika desturi hiyo katika nyumba isiyo na fahari ya kifalme, na watu wa Butare waliomtembelea walikuwa Wahutu na Watutsi, wenye elimu na wasio nayo. Kwa wazee aliwakumbusha Nyanza ya zamani. Kwa vijana waliozaliwa baada ya ufalme, alikuwa bibi mpole wa mtaa ambaye historia ilimpitia lakini haikumtia uchungu.

Hakuwa na mtoto wa kumzaa, lakini mji ulimwita mama. Jambo lililokuwa kilio chake Nyanza halikuwa na nguvu tena Butare. Hapa hakuna aliyemdai mrithi.

Nyakati ngumu zilirudi mara kwa mara. Mapema mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi walifukuzwa katika Chuo Kikuu na katika shule nyingi, na mwezi Julai mwaka huo Juvénal Habyarimana akachukua madaraka. Tarehe 1 Oktoba mwaka 1990 jeshi la RPF, lililoundwa na watoto wa wakimbizi wa mwaka 1959, liliingia nchini kutoka Uganda, na maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, wakatiwa ndani kwa kushukiwa kuwa wasaidizi wake. Mara zote hizo malkia wa zamani alikuwepo Butare, akiendelea na maisha yake. Alikuwa ameziona serikali za namna nyingi: ya mumewe, ya Wabelgiji, ya Kayibanda na ya Habyarimana. Hakuinua mkono dhidi ya hata moja.

Siku Butare ilipoacha kuwa kisiwa

Jioni ya tarehe 6 Aprili mwaka 1994 ndege iliyomchukua Rais Habyarimana ilidunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Ndani yake alikuwamo pia Rais wa Burundi, Cyprien Ntaryamira. Usiku huohuo mauaji yalianza mjini Kigali, na siku zilizofuata yakaenea nchini.

Butare ilikaa karibu wiki mbili bila mauaji makubwa kama yale ya mikoa mingine. Mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, ambaye alikuwa Mtutsi pekee mwenye cheo hicho nchini, alijitahidi kuzuia umwagaji damu. Watu walikimbilia huko kutoka mikoa jirani wakidhani wamefika mahali salama. Lakini serikali ya muda iliyokuwa imehamia Gitarama haikutaka mkoa wowote ubaki nje ya mpango wake. Tarehe 17 Aprili ilitangazwa redioni kwamba mkuu wa mkoa ameondolewa. Baadaye naye aliuawa. Tarehe 19 Aprili rais wa serikali hiyo, Théodore Sindikubwabo, ambaye mwenyewe alikuwa mwenyeji wa Butare, alifika mjini kumsimika mkuu mpya. Katika hotuba yake aliwalaumu watu wa Butare kwa kukaa kando kama watazamaji, na wasikilizaji wakaelewa kwamba wameamriwa kuanza kuua.

Siku iliyofuata, tarehe 20 Aprili, wanajeshi kutoka chuo cha maofisa wadogo cha Butare walikwenda nyumbani kwa Gicanda. Walimchukua pamoja na watu wengine waliokuwa naye, wakawapeleka nyuma ya Makumbusho ya Taifa, jengo lililofunguliwa miaka mitano tu kabla ya hapo kuhifadhi urithi wa utamaduni wa Rwanda. Hapo waliwapiga risasi. Msichana mmoja alinusurika, na kupitia kwake watu walipata kujua yaliyotendeka. Mama yake Gicanda, bibi kizee aliyeachwa kitandani, naye aliuawa baada ya siku chache. Nyumba iliporwa.

Kumuua mjane mzee kulikuwa na maana iliyokusudiwa. Gicanda hakuwa tishio kwa mtu yeyote, na wauaji walilijua hilo. Walimchagua kwa sababu alikuwa mtu aliyeheshimiwa kuliko wote mjini na alama ya mwisho iliyo hai ya ufalme wa kale. Ikiwa yeye ameguswa, basi hakuna mzee, hakuna mtoto, hakuna mgonjwa ambaye atasema umri au wema wake utamkinga. Baada ya siku hiyo mauaji yalienea Butare kwa kasi kubwa: katika Chuo Kikuu, hospitalini, makanisani na vijijini. Mkoa uliochelewa kuingia katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ukawa mmoja wa mikoa iliyopoteza watu wengi kupita kiasi. Waliofanikiwa kukimbia walielekea Akanyaru, wakijaribu kuvuka kuja Burundi, na si wote waliofika ng'ambo.

Mwili wa malkia ulichukuliwa baada ya siku mbili na kuzikwa uani, kando ya nyumba yake.

Hukumu iliyotolewa Arusha

Miaka 15 ilipita kabla ya aliyetajwa kutoa amri ya mauaji hayo kufikishwa mbele ya sheria. Kapteni Ildéphonse Nizeyimana, aliyekuwa mkuu wa upelelezi na operesheni katika chuo cha maofisa wadogo cha Butare, alikamatwa mjini Kampala mwezi Oktoba mwaka 2009, akapelekwa Arusha, Tanzania, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda.

Tarehe 19 Juni mwaka 2012 majaji walimtia hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari na makosa mengine, na wakampa kifungo cha maisha. Kifo cha Rosalie Gicanda na watu waliochukuliwa nyumbani kwake kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyothibitishwa. Mwezi Septemba mwaka 2014 mahakama ya rufaa ilifuta baadhi ya hatia zake na kupunguza adhabu kuwa miaka 35 gerezani, lakini hatia ya kifo cha malkia ilibaki palepale.

Hukumu hiyo ilifanya jambo ambalo maombolezo peke yake hayawezi kulifanya. Iliweka katika kumbukumbu za mahakama ya Umoja wa Mataifa kwamba mjane yule hakufa kwa ghasia za watu wenye hasira, bali kwa amri iliyotolewa na ofisa wa jeshi na kutekelezwa na askari wake. Kwa jamaa za maelfu ya watu wasio na jina kubwa waliouawa mkoani humo, kesi ya mtu anayejulikana ilisaidia kuonyesha jinsi wapendwa wao pia walivyouawa.

Amerudi Mwima

Leo Rosalie Gicanda amelala kwenye kilima cha Mwima, Nyanza, karibu na mumewe. Mwezi Januari mwaka 2017 mwili wa Kigeli wa Tano uliletwa kutoka Marekani na kuzikwa mahali hapohapo. Hivyo watu watatu ambao historia iliwatawanya wamekutana tena kwenye kilima ambako ufalme ulipokezwa kwa mara ya mwisho.

Rudahigwa amewekwa na serikali ya Rwanda katika orodha ya mashujaa wa taifa, katika daraja liitwalo Imena, na hukumbukwa kila tarehe 1 Februari. Kasri lake la Nyanza limegeuzwa kuwa makumbusho, na wageni wanaofika hapo huonyeshwa ng'ombe wa inyambo na vyumba ambamo Gicanda aliishi akiwa bibi harusi kijana. Jumba la Rwesero, ambalo lilijengwa kwa ajili yao wawili na halikupata kuwapokea, nalo limetumika kama makumbusho ya sanaa.

Gicanda mwenyewe hakuacha sheria aliyoitunga, hotuba aliyoitoa, wala mtoto wa kubeba jina lake. Alichoacha ni mfano wa mtu aliyepoteza mume, kasri na taifa alilolijua, na ambaye kwa zaidi ya miaka 30 alikataa kuifanya hasara yake kuwa sababu ya kumchukia jirani. Alikuwa na kila nafasi ya kuvuka mpaka kuja Burundi au kwenda mbali zaidi, na huko angeishi kwa heshima miongoni mwa jamaa zake. Badala yake alikaa katika mji mdogo, akamlea mama yake, akawapokea wageni, akasali.

Katika nchi zetu za maziwa makuu, ambako watu wamefundishwa mara nyingi mno kumtazama jirani kwa ukoo wake kabla ya kumtazama kwa matendo yake, watu wa Butare walimpenda mama huyo kwa jinsi walivyomwona akiishi. Waliomuua walimtazama kwa ukoo wake tu. Wazee wa Huye wanapowasimulia wajukuu habari zake, wengi huanza na ile nyumba ya katikati ya mji na maziwa waliyopewa humo, kisha ndipo huwaambia kwamba mwenye nyumba aliwahi kuwa malkia.